KNCU: Mizani, Kihamba na Kahawa ya Kilimanjaro

Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ambacho mjini Moshi hakiitwi kwa jina jingine ila herufi zake nne, KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933. Kinahesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikongwe kabisa barani Afrika, na ukikiunganisha na chama kilichokitangulia, historia yake inaanzia mwaka 1925. Herufi ya pili inasimama badala ya neno "Native", ambalo serikali ya kikoloni ililibandika kwenye kila kilichokuwa cha Mwafrika: mahakama, hazina, hata mamlaka za machifu. Uhuru ulipokuja, mahakama na hazina zilipewa majina mapya. Jina la chama cha kahawa likaachwa kama lilivyo, na bado liko.

Mibuni ya kwanza ya arabika ililetwa mlimani na Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mbegu zilitoka kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, na mibuni mikongwe ya Kilimanjaro ingali inajulikana kwa jina hilo. Misheni na walowezi walipanda kwa mistari, shamba la kahawa tupu. Wachagga walipoichukua kahawa waliipanda pale walipopanda kila kitu, yaani ndani ya kihamba.

Kihamba ni kipande cha ardhi kinachoizunguka nyumba, kwa kawaida ekari moja au mbili, kinachorithiwa na kutumika kuzikia wazee wa ukoo. Mtu anayekiona mara ya kwanza hudhani ni kichaka. Juu kabisa kuna miti mirefu, mringaringa, mruka na msesewe, ambao magome yake huingia kwenye mbege, pombe ya ndizi. Chini yake migomba, halafu mibuni inayopata jua la vipande vipande, halafu magimbi, viazi vikuu, maharagwe na mboga. Ng'ombe hufungwa bandani, hulishwa majani ya migomba na nyasi za kukatwa bondeni, na samadi yake hurudi kwenye mashina. Maji huletwa na mifongo, mifereji ya kuchimbwa kwa mkono inayoteremka kutoka mito ya msituni, na kila ukoo una zamu yake. Kilimo hiki kinafuata ukanda wa mita 1,000 hivi hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliingiza kihamba cha kijiji cha Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Karibu yote ambayo wanunuzi wa Ulaya wangekuja kuyaita kahawa rafiki wa mazingira yalikuwamo humo kabla ya chama kuwapo, na inafaa kulikumbuka hilo kabla ya kuanza kukisifu chama chenyewe.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliichukua Tanganyika. Ofisa wao wa Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga wapande kahawa zaidi, jambo lililowaudhi walowezi wa nyanda za chini. Hoja zao zilikuwa tatu: mibuni ya Waafrika italeta magonjwa, watu wataiba buni za mashamba makubwa na kuziuza kama zao, na mwenye kahawa yake hatakubali kibarua. Ya tatu ndiyo iliyokuwa hoja hasa. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, walowezi walikuwa wamefaulu kuwazuia Waafrika kulima arabika, na wenzao wa Moshi walitaka sheria ya namna hiyo hiyo.

Jibu la wakulima lilikuwa KNPA, chama cha wapanda kahawa kilichokitangulia KNCU, kilichoundwa mwaka 1925, mwenyekiti wake akiwa Joseph Merinyo wa Old Moshi, aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya Dundas. KNPA kiliagiza dawa na mabomba ya kunyunyizia, kikakusanya kahawa ya wanachama na kuiuza kwa pamoja, na kikaandika barua nyingi kupinga makatazo yaliyotakiwa na walowezi. Vita hiyo kilishinda: marufuku ya Kenya haikuvuka mpaka. Hata hivyo kilijengwa juu ya kamati na mwenyekiti, bila sheria iliyokieleza ni nini wala ukaguzi wa hesabu uliotulia. Bei ya dunia ilipoporomoka kuanzia 1929, madeni yalijitokeza, tuhuma za fedha zikaufuata uongozi, na serikali, ambayo kwa muda ilikuwa ikikiona chama hiki kuwa na sauti kubwa mno, ikapata sababu ya kukipanga upya.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipitishwa mwaka 1932. KNCU kilizaliwa chini yake kikiwa na vyama vya msingi 11, kila kimoja na eneo lake mlimani, na meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett, aliyekaa kwenye kiti hicho kwa miaka mingi. Muundo ulikuwa mwepesi kueleza. Mkulima ni mwanachama wa chama cha msingi. Vyama vya msingi ndivyo wanachama wa chama kikuu. Chama kikuu kinaipeleka kahawa kiwandani Moshi kukobolewa, kinaiuza, kinakata gharama, na kinachobaki kinateremka tena mlimani.

Moyo wa mpango huo ulikuwa siku ya kupima. Mkulima hufika ghalani na mfuko wa kahawa ya maganda, yaani kahawa iliyokwisha kumenywa, kuvundikwa, kuoshwa na kuanikwa, ikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba la rangi ya majani makavu. Karani huchota konzi, huitikisa, huiuma punje moja kujua kama imekauka. Punje iliyokauka hulia chini ya jino, mbichi hubonyea. Kisha mfuko hupandishwa kwenye mizani mbele ya mwenyewe na ya walio nyuma yake kwenye foleni, uzito husomwa kwa sauti, na huandikwa mara mbili, kwenye daftari la chama na kwenye kitabu cha mkulima. Hapo analipwa malipo ya awali. Kahawa ikiisha kuuzwa, baada ya miezi, hufuata malipo ya pili, na mwaka ukiwa mwema ya tatu. Uaminifu wa biashara hii yote, pamoja na vyeti vilivyokuja kutundikwa ukutani miaka sitini baadaye, umesimama juu ya mizani ile na juu ya swali moja ambalo kila mkulima anajua kuliuliza: malipo ya pili yako wapi?

Swali hilo liliulizwa kwa hasira mapema. Mwaka 1934 ilitungwa kanuni iliyomlazimisha kila Mchagga kuuza kahawa yake kupitia KNCU, mangi, yaani machifu wa Kichagga, wakiwa wasimamizi wake. Bei zilikuwa chini, malipo ya mwisho hafifu, na wafanyabiashara wa nje ya chama walikuwa tayari kutoa fedha taslimu. Watu waliona kwamba chama walichojiunga nacho kwa hiari kimegeuka kuwa mkono wa mangi na wa bwana shauri. Septemba 1937 maghala ya vyama kadhaa yalivamiwa, na serikali ikaleta askari. Viongozi wa upinzani waliadhibiwa, sheria ya kulazimisha ikaandikwa upya kwa nguvu zaidi, na bei zilipopanda baadaye ghasia zikasahauliwa. Vitabu vya kumbukumbu huzipitia haraka, kana kwamba ni aibu ya familia. Lakini waliovamia maghala walikuwa wakulima wa kahawa, na walichodai, kuonyeshwa hesabu na kuachiwa uchaguzi, ndicho ushirika wenyewe ulichokuwa umewaahidi.

Utafiti nao ulianza katika miaka hiyo. Kituo cha Lyamungo kilifunguliwa mwaka 1934, na huko ndiko zilikochaguliwa aina za N39 na KP423 zilizoenea katika sehemu kubwa ya nchi. Wakati wa Vita ya Pili, kahawa ilinunuliwa kwa mikataba na Wizara ya Chakula ya Uingereza, bei ikiwa ya wastani lakini ya uhakika.

Miaka ya 1950 ilikuwa ya neema. Bei ya dunia ilipanda, na fedha ya kahawa ikaonekana mlimani kwa macho: mabati badala ya nyasi, kuta za matofali, na zaidi ya yote ada za shule. KNCU kilijenga jengo lake la ghorofa katikati ya Moshi, lenye hosteli iliyoitwa Coffee Tree, kikawa na shule yake ya biashara, na kikasomesha vijana ambao wengine walikuja kuongoza ofisi za serikali huru. Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa mwaka 1963, hakikuwekwa Dar es Salaam. Kiliwekwa Moshi, na leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika.

Pigo kubwa kuliko yote lilitoka Dodoma na Dar es Salaam, wala halikutokana na bei. Chini ya Sheria ya Vijiji ya 1975 kila kijiji kilifanywa chama cha ushirika cha shughuli zote, na Mei 1976 serikali ilivunja vyama vikuu nchini kote. Kazi yao ilikabidhiwa mamlaka za mazao. Kwa kahawa ikawa Mamlaka ya Kahawa Tanzania, mwaka 1977. Ajali ya kalenda ni kwamba baridi kali ya Julai 1975 ilikuwa imeua mibuni ya Brazili, na mwaka 1977 bei ya dunia ilifika zaidi ya dola 3 kwa ratili, kiwango ambacho wakulima hawakuwa wamekiona maishani. Kilimanjaro ilikutana na bei hiyo ikiwa haina chama. Baada ya miaka sita serikali ilikiri kosa kwa njia ya sheria: vyama viliruhusiwa tena mwaka 1982, na KNCU kikaandikishwa upya mwaka 1984. Mwaka huo umebaki ndani ya jina lake rasmi kwenye mabano, kama kovu.

Chama kilichorudi kilikuta dunia nyingine. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliokuwa ukigawa mafungu ya kuuza na kuzuia bei isianguke, ulivunjika Julai 1989. Ndani ya nchi, kuanzia msimu wa 1994, makampuni binafsi yaliruhusiwa kununua kahawa moja kwa moja mlimani. Yalikuja na fedha mkononi, hayakuwa na deni la zamani wala jengo la kutunza, na hayakujali sana kama punje inalia chini ya jino. Kahawa nzuri na mbovu zilianza kulipwa bei moja. Mkulima aliyekuwa akirudia kuosha mara mbili aliona hasara ya maji na ya usiku wake, akaacha.

Katika kipindi hicho ndipo KNCU kilipoingia kwenye biashara ya haki. Mpango wenyewe ulikuwa umeshika kasi Ulaya baada ya anguko la 1989, na kahawa ya ushirika wa Kilimanjaro na wa Kagera ikaanza kununuliwa chini ya masharti yake. Masharti yalikuwa mawili makuu. Kwanza, bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani hata soko likianguka. Pili, nyongeza ambayo haiingii mfukoni mwa mtu mmoja, ambayo wanachama hukaa mkutanoni kuamua itumikeje. Thamani ya sharti la kwanza ilionekana wazi mwaka 2001, soko la New York liliposhuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili huku mnunuzi wa biashara ya haki akitakiwa kulipa dola 1.26, nyongeza ikiwa ndani yake. Agosti 2023 kiwango cha chini cha arabika iliyooshwa kilipandishwa hadi dola 1.80, na kahawa ya kilimo hai ikaongezewa senti 40 juu yake.

Tofauti hiyo ya bei huwafanya wengi waone biashara ya haki kama mwokozi. Hesabu ya ghalani ni ya kiasi zaidi. Mnunuzi mwenye cheti huchukua sehemu tu ya kahawa ya chama, na iliyobaki huenda mnadani Moshi kama ya mtu mwingine yeyote. Bei hiyo ya kiwango cha chini hulipwa kwa kahawa safi iliyo tayari kupakiwa melini, na kati ya hapo na mkulima kuna kukoboa, magunia, usafiri hadi bandarini, ushuru, riba ya mkopo wa malipo ya awali, na mishahara. Kilo sita hivi za kahawa mbivu hutoa kilo moja ya kahawa safi. Anayesikia bei ya New York na kuizidisha kwa debe alilochuma lazima atahisi ameibiwa. Nyongeza ya jamii ndiyo iliyoacha alama zinazoonekana, hasa katika elimu ya watoto wa wanachama na katika gharama za kuingia kwenye kilimo hai.

Kilimo hai kilikuwa rahisi kwa upande mmoja na kigumu kwa mwingine. Kihamba kilikuwa na kivuli, samadi na mchanganyiko wa mazao tayari, na wakulima wengi walikuwa wameshaacha mbolea na dawa za viwandani kwa sababu ya bei yake tangu ruzuku ziondolewe. Ugumu ulikuwa karatasi. Shirika la vyeti haliwezi kutembelea kila kihamba, kwa hiyo chama hulazimika kuwa na wakaguzi wake wa ndani, wanaopita nyumba kwa nyumba na kuandika idadi ya mibuni, kilichonyunyiziwa, jirani analima nini na maji ya mfongo yanatoka shamba la nani. Kikundi kizima hubeba dhamana ya mmoja: dawa isiyoruhusiwa ikigundulika kwenye sampuli, gunia la kijiji chote hukataliwa. Maadui wakubwa, ugonjwa wa chulebuni unaoozesha matunda yakiwa mabichi na kutu ya majani, nao hawasubiri ukaguzi. Njia iliyodumu ni mbegu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyochukua kazi ya Lyamungo mwaka 2001, imetoa aina chotara zinazostahimili magonjwa yote mawili, na mkulima akizipanda anaokoa dawa ambayo ingekuwa sehemu kubwa ya gharama zake.

Maji ni suala ambalo matangazo ya kahawa hulikwepa. Arabika ya Kilimanjaro ni ya kuoshwa. Matunda mekundu humenywa kwa mashine ya mkono, punje huvundikwa saa 24 au zaidi hadi utelezi ulegee, kisha huoshwa kwa maji safi mara kadhaa. Maji yanayobaki ni ya rangi ya kahawia, yana sukari na uchachu, na yakiachiwa yaingie kwenye mfongo humfikia mtu wa chini akiwa anachota ya kunywa. Mashine za pamoja za kumenya zilizojengwa na vyama vya msingi hutumia maji machache zaidi kwa kila kilo, na shimo la kuyapokea maji machafu huwa moja badala ya mia. Zinaleta pia ubora ulio sawa. Lakini zinamtaka mkulima alete kahawa mbivu siku ile ile aliyoichuma, na kumwamini karani mapema zaidi.

Imani hiyo haikuwapo kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kundi la vyama vya msingi lilijitenga na kuuza kahawa yake bila kupitia chama kikuu. Vilikuwa 32, vikajulikana kama G32. Malalamiko yao yalifanana na ya 1937: makato mengi, malipo ya pili yanayochelewa, jengo la mjini linalokula kuliko shamba. Vyama vilivyobaki na vilivyoondoka viliendelea kukutana kwenye mnada ule ule na kukopa sehemu zile zile, ikiwamo Benki ya Ushirika Kilimanjaro iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990.

Daftari la wanachama lina pengo jingine la kale zaidi. Mlimani kahawa ni zao la mwanamume, migomba na maziwa ni vya mwanamke. Uanachama hufuata umiliki wa kihamba, na kihamba hurithiwa na mtoto wa kiume. Kwa hiyo mama anayechuma, anayemenya na anayegeuza kahawa kichanjani ili isipate ukungu huona jina la mumewe kwenye kitabu cha malipo. Mkungu wa ndizi anaoupeleka sokoni Mwika au Kiboroloni humpa fedha yake mwenyewe siku hiyo hiyo. Ukizingatia hilo, si ajabu kwamba bei ya kahawa inaposhuka kihamba hugeuka polepole kuwa cha migomba na majani ya ng'ombe. Masharti ya biashara ya haki yanawataka wanawake waingie kwenye kamati, na wameingia. Jina kwenye kitabu limesogea taratibu zaidi.

Hali ya hewa imeongeza uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulionyesha kwamba joto la usiku ndilo linaloumiza zaidi, na kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka huondoa kilo 137 hivi za mavuno kwa hekta. Kwa mkulima aliye ukanda wa chini, kivuli cha mringaringa sasa ni kinga ya mazao. Kwa juu hakuna pa kupanda zaidi: kihamba cha mwisho kinapakana na msitu wa Hifadhi ya Taifa.

Mjini Moshi chama kilifungua Union Café, kahawa ikikaangwa hapo hapo mbele ya mteja. Watalii wanaotoka mlimani huinywa, na wenyeji nao, ingawa Kilimanjaro kwa desturi ni nchi ya chai na mbege, na mkulima aliyelima kahawa miaka arobaini bila kuionja si kitu cha kushangaza. Mradi wa Kahawa Shamba huwapeleka wageni vijijini kuchuma, kukaanga chunguni na kutwanga kinuni. Biashara hizi ni ndogo ukizilinganisha na magunia yanayosafirishwa, lakini ni mahali pachache ambapo punje huuzwa ikiwa imefikia bei ya kikombe.

Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ya wakulima wadogo ikusanywe kupitia vyama vya msingi, na makampuni binafsi yakaondolewa kwenye ununuzi wa moja kwa moja mlimani. KNCU kilirudishiwa kwa amri nafasi iliyofanana na ile ya 1934, pamoja na swali lake la malipo ya pili. Miaka mitano baadaye Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayotaka kahawa iingiayo huko ithibitishwe kuwa haikutoka ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja ya ramani inatosha. Karani wa chama cha msingi anatakiwa kuwa na nukta hiyo kwa kila mwanachama, kwa simu ya mkononi, akiwa amesimama ndani ya kihamba ambacho satelaiti ingekiona kuwa msitu.